Mtoto wa Kiume wa Mama Samim

Kisiwani Ugiriki, boti ilikomfikisha, walimuuliza Samim maswali kwa siku mbili. Jina la babu, rangi ya boti, watu wangapi walikuwamo, amewahi kuugua kifua kikuu, amewahi kushika bunduki. Daktari alimwambia afungue mdomo, akamtazama meno, kisha akamsikiliza mapigo ya moyo juu ya mashati mawili na sweta, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye mwenyewe alikuwa amechoka hoi. Askari aliyejaza fomu alitupia jicho zile nywele fupi na lile koti la kiume, akatia alama penye "mwanamume", akagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza. Na Samim, ambaye alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, akaona kwamba kama hakuna aliyeuliza basi hakuna aliyedanganywa, akachukua karatasi yake akaenda kupanga foleni ya blanketi.

Uongo wenyewe haukuwa wake, aliukuta. Baba yake, fundi wa kuchonga milango kule Herat, Afghanistan, alikuwa na mabinti watatu, na kila alipopata binti, kaka yake Ghausuddin, aliyekuwa kibarua wa ujenzi Iran, alimpigia simu kumpa pole. Pole, jamani, kwa mtoto mzima wa afya! Alipozaliwa wa nne, yule baba alichoka kupewa pole. Alishika simu akasema, "Kaka, ni dume," akakata, akaingia ndani kumwambia mkewe aliyoyasema. Mke alilia kidogo, kisha akaketi kushona suruali.

Kwao jambo hilo si la ajabu. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume humvisha binti mmoja nguo za kiume, akatumwa dukani, akasindikiza dada zake barabarani, na akikaribia kuvunja ungo hurudishiwa shela yake na hakuna anayeshangaa. Ila kwa kawaida ndugu wote huwa wanajua. Kwa Samim hawakujua, maana wazazi walihamia mtaa mgeni, nyuma ya kiwanda cha barafu, na maneno yalikwisha kutoka kwenye simu. Baadaye akazaliwa Benafsha, binti wa tano, na Ghausuddin hakutoa pole, kwa kuwa sasa nyumba ilikuwa na mrithi. Dada wakubwa, walioijua siri na kuitunza, waliolewa mmoja mmoja.

Baba alipokufa, Ami Ghausuddin alifunga virago Iran akarudi kuchukua nyumba na mjane, kama wengi wafanyavyo kule mjane anapokuwa hana mtoto wa kiume wa kumsimamia, akidhani wa kwao bado ni mdogo mno. Akamkuta Samim mlangoni, miaka kumi na miwili, amekunja mikono. Ikabidi aume meno. Alijenga chumba uani, akawa anakuja kila asubuhi kunywa chai na kuangalia jinsi mpwa wake anavyokua. Miaka mitatu baadaye akaja na mkate mtamu na wazo: Samim aoe binti yake. Mama Samim alicheka mpaka machozi, na ami akadhani ni furaha. Wiki ile ile mama alitafuta watu waliokuwa wakielekea magharibi, akamtia mwanawe mikononi mwao. Mtoto wa kiume aliye Ulaya bado ni mtoto wa kiume, na mradi yupo, nyumba ina mwenyewe, na Benafsha hawezi kuchukuliwa na mtu bila kaka yake kuulizwa. Hayo ndiyo mama aliyomwambia siku ya kuagana, na Samim aliyashika yote.

Kutoka kisiwani walimpeleka mji wa Kavala, kwenye nyumba ya wavulana wasio na wazazi, ghorofa mbili juu ya lililokuwa ghala la tumbaku. Wavulana ishirini na wawili, mabafu matatu, na mlango mmoja tu wa bafu uliokuwa na kitasa kizima. Samim alikaa humo mwaka mzima na miezi minne. Alicheza mpira, alinyoa ndevu asizokuwa nazo, alivaa fulana ya kubana kifua wakati wa joto la mwezi wa nane, na kila mwezi alipanda basi hadi duka la mbali kununua alichohitaji, akimwambia muuzaji ni cha dada yake. Roho mkononi, kila siku ya Mungu.

Chumbani alikuwa na Zabih, kijana wa kwao Herat, mwenye maneno mengi na moyo safi, anayeapa hata akisema mvua inanyesha. Zabih alimpenda kama ndugu na alimtania bila kupumzika.

"Huyu sheikh wetu!" aliwaambia wenzake kila Samim alipojifungia bafuni. "Kwapa lake ni siri ya serikali. Siku akifa tutamwosha kwa kubahatisha."

Samim alicheka pamoja nao. Ukweli ni kwamba alikuwa na furaha humo, hata kwa hofu yote ile, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mwezi wa kumi wakili wake akamwita kwenye mkahawa wa bandarini. Jina lake Evanthia, mama wa watoto wawili, mvutaji sigara, mwenye gari lililojaa makaratasi hadi kiti cha mbele. Samim alikwisha kujua Kigiriki cha kutosha, kwa hiyo walikuwa wawili tu.

"Mahojiano yako ya hifadhi ni Jumanne ijayo," Evanthia alisema. "Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Kesi yako ni nyepesi mno. Ami anataka kukuoza binti yake. Watakuuliza, humtaki kwa nini, ana kengeza? Mwezi wa tano unatimiza kumi na nane. Baada ya hapo wewe ni mwanamume Mwafghani, mzima, mwenye mikono miwili. Wanao tele. Watakukataa na watakurudisha."

Samim alikuwa akikunjakunja karatasi ya sukari. "Na wasichana?"

"Wasichana gani?"

"Wa kwetu. Wakija peke yao. Wanafanywaje?"

"Wasichana hupewa. Karibu wote. Kwani una dada huku?"

"Sina dada huku," Samim alisema, akamtazama machoni, akaendelea kumtazama.

Evanthia aliacha kuvuta. Sigara yake iliungua yenyewe hadi kwenye kichungi. "Bikira Maria," akasema. "Nani anajua?"

"Mama na dada zangu. Na sasa wewe."

"Mwaka na miezi minne! Mle ndani!"

"Dada Evanthia, sikiliza kwanza. Nikisema, ami yangu akajua, mama yangu amekwisha. Nyumba inachukuliwa, yeye anachukuliwa, na mdogo wangu ana miaka kumi na mmoja. Neno litafika kule?"

"Halifiki. Unayosema ofisini hayatoki ofisini, sheria inakataza. Nakuapia kwa wanangu."

Samim alifikiri siku tano. Usiku hakulala, mchana hakula, na Zabih akamwuliza kama ameanza kupenda. Jumapili alimwandikia Evanthia kwamba atasema.

Ofisi ilikuwa mji mwingine, safari ya saa mbili. Aliyemhoji alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mafua, na mkalimani alikuwa Ustadh Homayun, mzee wa Kabul aliyekuwa akifundisha jiografia kabla dunia yake haijapinduka. Samim alipopasua jipu, Ustadh alikohoa, akatafsiri. Tangu hapo hakumwita tena "kijana". Alimwita "binti yangu", na Samim alihisi masikio yakimwaka moto, maana hakuna mwanamume aliyewahi kumwita hivyo, hata baba yake.

"Kwa nini ulidanganya kisiwani?"

"Hawakuniuliza."

"Lakini uliweka saini."

"Niliweka saini kwamba sijawahi kushika bunduki. Hiyo ni kweli."

Yule mwanamke alipenga kamasi. "Umelala chumba kimoja na mvulana mwaka mzima na zaidi. Hakugundua?"

"Hakugundua."

"Ami yako, miaka mitatu, kila asubuhi?"

"Hakugundua."

"Walimu? Majirani? Iliwezekanaje?"

Na hapo Samim akachangamka. Kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa akimwuliza aliwezaje, na alikuwa ameweza vizuri sana, tena peke yake. Akaeleza jinsi ya kutembea, jinsi ya kutema mate, jinsi ya kuanzisha ugomvi mdogo ili usiingie kwenye ugomvi mkubwa. Akaeleza siku aliyomwangusha mtoto wa mwoka mikate kwenye mieleka mbele ya ami, na ami akamnunulia tikiti maji. Ustadh Homayun alitabasamu akitafsiri. Yule mwanamke aliandika yote, neno kwa neno, vidole vyake vikikimbia. Samim alitoka akiwa mwepesi, akamwambia Evanthia mambo yamekwenda vizuri.

Cheti cha daktari cha kuthibitisha kwamba ni msichana kilitoka kesho yake asubuhi, na kilipotoka tu, sheria ikasema hawezi kulala tena nyumba ya wavulana hata saa moja. Walimrudisha Kavala kuchukua vitu vyake. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wavulana wote mezani, dengu kwenye sahani. Mwangalizi wa nyumba, Bwana Stathis, alikwisha kumfungia nguo kwenye mfuko na alitaka ampitishe mlango wa nyuma bila kelele. Lakini mama aliyetumwa na nyumba ya wasichana alikuwa mtu wa bashasha, akaingia moja kwa moja hadi sebuleni, mikono imefunguliwa.

"Haya, yuko wapi msichana wangu? Samim ni nani hapa?"

Vijiko vilisimama. Samim alikuwa mlangoni na mfuko wake. Vichwa vyote vikamgeukia, kisha kimoja kimoja vikamgeukia Zabih.

"Zabih!" mmoja akapiga kelele kutoka mwisho wa meza. "Kumbe umeoa bila mahari!"

Kikaangushwa kicheko ambacho Samim hakuwahi kukisikia katika nyumba ile. Zabih alisimama, akaketi, akasimama tena. Uso wake ulikuwa umemwiva. Alimtazama Samim kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Samim alitaka kumfuata, lakini yule mama wa bashasha alikwisha kumshika mkono.

Nyumba ya wasichana ilikuwa Ksanthi. Wenyewe kumi na mmoja, na kwa wiki mbili walimwogopa. Akiingia jikoni, wao wanafunika vichwa. Baadaye walimzoea. Mmoja akamtaka amfundishe kupiga danadana. Samim aliendelea kumpigia mama yake kila Ijumaa, akakaza sauti kama zamani kwa sababu ami huweza kuwa karibu, na mama akamwita "simba wangu" kwa sauti kubwa ya kusikika hadi uani. Neno halikuwa limefika. Evanthia alikuwa amesema kweli.

Zabih akaja mwezi wa kwanza, Jumamosi, kwa basi. Alivaa koti la kuazima lililomzidi mabega, na mkononi alikuwa na boksi la biskuti nyeupe za unga wa sukari wanazouza Kavala. Walikalishwa chumba cha wageni, mlango wazi, mwangalizi nje kwenye kiti. Zabih alitazama zulia.

"Hujambo?"

"Sijambo. Nitazame basi. Ni mimi."

"Siwezi." Akasukuma boksi mezani. "Jina lako hasa ni nani?"

"Samim."

"La kike."

"Sina. Baba hakunipa."

Hilo lilimchanganya kidogo. Akajikuna shingo, akavuta pumzi, akasema yaliyomleta. "Basi mimi nimelimaliza."

"Umemaliza nini?"

"Jambo letu. Wale mbwa hawaninyamazii. Wanasema nilijua. Wanasema nilikuwa nakula tamu. Wallahi, Samim, sikujua! Lakini nimelala chumba kimoja na mtoto wa watu, na mimi si mhuni, nina dada nyumbani. Nikamwambia mama yangu kila kitu. Akanilaani kwanza, kisha akasema, sawa, mtoto wa watu haachwi njiani. Jumatatu ameenda kukuposa."

Samim hakuelewa. Alielewa maneno, lakini hayakuingia. "Ameenda wapi?"

"Kwenu! Nyuma ya kiwanda cha barafu, si uliniambia mwenyewe? Yeye na shangazi na mke wa imamu, na peremende, na shela ya kijani. Kwa heshima zote. Hakuna atakayesema umedharauliwa."

"Zabih. Nani alifungua mlango?"

"Mzee mmoja wa ndevu za hina. Ami yako huyo, nadhani. Akasema hapa hakuna binti wa kuposwa, yupo mdogo tu. Mama akamwambia, siyo huyo, baba, tumekuja kwa ajili ya yule wa Ulaya."

Samim aliinuka akaenda dirishani. Akashika pazia. Wanawake watatu na peremende, kizingitini, wamejifunika vizuri, wanatabasamu. Aliwaona waziwazi. Alimwona na ami, kikombe cha chai mkononi.

"Umemwua mama yangu," akasema.

"Nimemheshimu mama yako!" Zabih aliruka. "Ningefanyaje? Ningekuacha uitwe malaya na Herat nzima? Niambie, wewe ungefanyaje ungekuwa mimi?"

Samim aliyekuwa mvulana maisha yake yote alijua jibu. Angefanya vile vile. Mwanamume yeyote mwenye haya wa kwao angefanya vile vile, na angeazima koti kuja kusema. Akamweleza Zabih yote, polepole, kuhusu simu ya baba, nyumba, Benafsha. Zabih alisikiliza, na habari ilipofika mwisho alikuwa akilia kwa sauti, hata mwangalizi akachungulia.

"Hukuniambia," alisema. "Mwaka mzima, Samim. Hukuniambia hata kidogo."

Aliondoka na basi la saa tisa. Biskuti zililiwa na wasichana.

Simu ya mama haikupatikana kwa siku tisa. Siku ya kumi iliingia sauti iliyorekodiwa, kutoka namba asiyoijua. Samim alikwenda nayo chumba cha kufulia, akasubiri mashine ianze kuzunguka, akaiweka sikioni. Mama aliongea haraka haraka. Alisema simu ni ya jirani, asimpigie. Alisema ami amemwita mbele ya wazee wa mtaa akamwuliza Samim ni nani, naye alipokawia kujibu, akampiga mbele yao. Nyumba ni ya ami sasa. Benafsha ameahidiwa mtu, baada ya Idi. Na ami ameapa kwa msahafu kwamba yule aliyemfanya mjinga miaka yote hiyo akikanyaga tu ardhi ya Herat atamzika kwa mikono yake. "Usirudi, mwanangu," mama alisema. "Wakikwambia rudi, usirudi. Na sauti hii usimsikilizishe mtu, nakuomba, mtu yeyote. Ni aibu yangu, iache kwangu." Kisha akalia, akalia muda mrefu, akiwa amesahau kwamba simu bado inarekodi.

Samim hakumsikilizisha mtu. Alikuwa amekwisha kusema mara moja kile alichotakiwa akinyamazie, na ameona yaliyotokea. Safari hii angalau angeshika ombi la mama yake. Alitembea na simu mfukoni siku mbili bila kuigusa.

Siku ya tatu Evanthia alimwita Kavala. Jibu limetoka. Ustadh Homayun naye alikuwepo, kwa kuwa jibu lazima mtu asomewe kwa lugha ya kwao. Ofisi ya wakili ilinuka moshi na kahawa ya jana. Evanthia hakumtazama usoni, na Samim alijua kabla karatasi haijafunguliwa.

Ustadh alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwamba mwombaji ni wa kike, hilo limekubaliwa. Kwamba maelezo yake ni ya kuaminika na yamepangika. Samim alishangaa, akainua kichwa, wamemwamini! Ustadh akaendelea. Kwamba mwombaji aliishi miaka kumi na mitano kama mvulana, na katika muda wote huo hakuna jirani, mwalimu wala ndugu aliyemgundua. Kwamba mwombaji mwenyewe ameeleza kwa ufasaha mbinu alizotumia. Kwamba nyumbani kwake hakuna anayejua jinsia yake isipokuwa mama na dada zake, ambao wana kila sababu ya kuilinda siri. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuamini kwamba mwombaji, akirejea, hataweza kuendelea kuishi kama alivyoishi mwanzo.

Ustadh alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Soma tena hapo mwisho," Samim alisema.

Akasoma tena.

"Wanasema nirudi nikawe mvulana."

"Ndivyo wanavyosema, binti yangu."

Hasira ilimpanda Samim hadi utosini, akaona hata herufi za kalenda ukutani zinatetemeka. Alikumbuka vile vidole vikikimbia. Alikumbuka alivyocheka akieleza habari za tikiti maji. Walimwambia aseme ukweli wote, akasema na wa ziada, na wameuchukua ule wa ziada wakamfungia nao mlango.

Evanthia alipiga meza. "Washenzi hawa! Tunakata rufaa. Tuna siku ishirini." Akawasha sigara, akaizima hapo hapo. "Lakini tazama walivyojenga. Yote yamesimama juu ya jambo moja tu, kwamba kule hakuna anayejua. Nikiwa na kitu kimoja, barua, shahidi, chochote kinachoonyesha wamejua, nyumba yote inaanguka. Nikipata wapi? Siwezi kumpigia simu ami yako nikamwuliza."

Mkono wa Samim ulikuwa mfukoni. Simu ilikuwa na joto la mwili wake. Iache kwangu, mama alisema. Lakini ndiye huyo huyo aliyesema usirudi, wakikwambia rudi usirudi, na Samim alijaribu kufikiri lipi kati ya maombi hayo mawili mama angelichagua kama angekuwa chumbani humu, na hakukuwa na wa kumwuliza. Nje meli ya kwenda Thasos ilipiga honi. Evanthia alianza kukusanya karatasi.

Samim akaitoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza.

Evanthia hakuelewa lugha, lakini aliacha kukusanya. Ustadh Homayun aliinamisha kichwa tangu neno la kwanza na hakukiinua. Sauti ilipokwisha, alimweleza Evanthia kwa kifupi, kwa Kigiriki chake cha taratibu: ndugu wa marehemu amejua, ameipora nyumba, amempiga mama, mdogo ataolewa, na ameapa kuua.

"Hii ndiyo!" Evanthia aliruka kutoka kitini. "Samim, hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta! Kiapo, mashahidi, tarehe, kila kitu kimo! Kwa nini hukuniambia? Kwa hii tunashinda, nakuapia, tuna..." Kisha aliona uso wa msichana, akashusha mikono. "Nisamehe," akasema. "Nisamehe sana."

"Nikishinda, mama atakuja? Na Benafsha?"

Evanthia aliketi. Alijibu akitazama meza. "Mtoto akipewa hifadhi anaweza kuwaita. Mtoto. Rufaa huchukua miezi minane, tisa. Wewe mwezi wa tano unatimiza kumi na nane. Ukishatimiza, kuwaita huwezi tena."

"Wangenipa leo, ningeweza."

"Wangekupa leo, ungeweza."

"Basi hii ni yangu peke yangu."

"Ni yako peke yako," Evanthia alisema. "Hilo tu ndilo ninaloweza."

Ustadh Homayun akavuta karatasi safi, kwa kuwa sauti pekee haipokelewi, lazima iandikwe, isainiwe na mkalimani. Walisikiliza kipande, wakasimamisha, akaandika. Wakasikiliza kipande, wakasimamisha, akaandika. Ilichukua saa nzima na ushee. Walipofika penye kilio aliuliza kiandikweje, na Evanthia akasema aandike kwamba mama analia, na kwa muda gani. Ustadh akarudisha nyuma kidogo kuhakikisha muda, akakutana na maneno aliyokuwa ameyaruka. Kalamu ikabaki hewani. Alimtazama Samim.

"Na hili?" akauliza kwa lugha ya kwao. "Naweza kuliacha. Hakuna atakayejua."

"Anasemaje hapo?" Evanthia aliuliza.

Samim alijibu mwenyewe, kwa Kigiriki. "Anaomba mtu yeyote asisikie." Akamgeukia mzee. "Andika na hilo, Ustadh. Wakiliona hilo, wataamini."

Ustadh Homayun akaandika.